Mita ya LUKU inajua jambo ambalo kozi yetu haikutufundisha

Tuseme ni saa mbili usiku, Mbagala, kwenye nyumba ya wapangaji sita wanaotumia mita moja. Umeme umekatika kwa sababu uniti zimeisha. Michango imekusanywa, buku tano, na mama wa chumba cha mbele ndiye mwenye salio kwenye simu. Analipa. Simu inazunguka, inazunguka, halafu kimya. Hakuna ujumbe wa hela kukatwa, hakuna tokeni. Anajaribu kuangalia salio, menyu haifunguki. Anakugeukia wewe, maana nyumba nzima inajua unasoma mambo ya kompyuta: "Mwanangu, nilipe tena au nisubiri?"

Usijibu haraka. Huenda ombi lake halikufika kabisa. Huenda limefika, hela imekatwa na tokeni imetolewa, ila ujumbe umekwama njiani wakati wa kurudi. Huenda pia limefika na bado liko kwenye foleni linasubiri zamu. Kwa aliyeshika simu gizani, hali zote tatu zinafanana: kimya. Akilipa tena na malipo ya kwanza yalipita, ametoa elfu kumi. Kweli, tokeni zote mbili zikifika uniti hazipotei, lakini elfu tano ya pili ilikuwa nauli na unga wa kesho. Asipolipa, na malipo ya kwanza hayakufika, nyumba inalala giza.

Swali la mama huyu ndilo kiini cha somo zima linaloitwa mifumo iliyotawanyika, yaani programu zinazofanya kazi moja zikiwa kwenye mashine tofauti. Somo hilo nililisoma digrii ya kwanza, hapa hapa Dar, pamoja na ndugu zake wawili: programu za vijenzi na programu za wavuti. Nilifaulu yote matatu vizuri tu. Na siku namaliza chuo, nisingeweza kumjibu.

Chuo sitakitaja, na sina ugomvi na mwalimu yeyote. Ninachotaka kukosoa ni namna kozi hizi zilivyopangwa, kwa sababu sasa niko upande wa pili, nasaidia kusimamia mazoezi ya wadogo zangu, na naona wanapita njia ile ile niliyopita mimi.

Sebuleni

Kwa wasomaji ambao si watu wa fani, nieleze kidogo. Kozi ya mifumo iliyotawanyika ilitufundisha Java RMI, teknolojia inayoruhusu programu iliyo kwenye kompyuta yako kuita kazi iliyo kwenye kompyuta nyingine kana kwamba iko hapo hapo. Tukafundishwa na CORBA, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1991, inayofanya jambo hilo hilo hata kama programu mbili zimeandikwa kwa lugha tofauti. Kozi ya vijenzi ilihusu kuunda programu kwa vipande vinavyotengenezwa kila kimoja peke yake kisha kuunganishwa, kama fundi anavyofunga mlango uliotengenezwa karakana nyingine. Kozi ya wavuti ilikuwa PHP na MySQL: tengeneza fomu, hifadhi data, onyesha jedwali.

Mazoezi yote tuliyafanya ndani ya laptop moja. Programu ya mteja na programu ya seva zilikaa mashine ile ile, zikiongea kupitia anwani 127.0.0.1, ambayo kwa kompyuta maana yake ni "mimi mwenyewe". Ni sawa na kufundishwa kuvuka Barabara ya Kilwa ukiwa umekaa sebuleni.

Kwa nini hilo ni tatizo? Hebu fanya jaribio dogo. Kwenye laptop moja, izime seva halafu mwambie mteja aiite. Jibu linakuja papo hapo: muunganisho umekataliwa. Mfumo endeshi unajua hakuna programu inayosikiliza hapo, kwa hiyo unakwambia ukweli mara moja. Sasa weka seva kwenye mashine nyingine, halafu chomoa waya. Hakuna anayekujibu kitu. Mteja anasubiri. Baada ya sekunde kadhaa anachoka, anasema muda umeisha. Seva imekufa? Iko hai ila njia imekatika? Imeshafanya kazi na jibu ndilo lililopotea? Huwezi kujua. Kimya hicho ndicho kinachoutofautisha mfumo uliotawanyika na programu ya kawaida, na ndicho kitu pekee ambacho 127.0.0.1 haiwezi kukuonyesha vizuri. Kwa hiyo muhula mzima tulisoma somo ambalo mada yake kuu ilikuwa imebaki nje ya mlango.

Ukongwe si hoja

Wanafunzi wakilalamikia kozi hizi, lalamiko la kwanza huwa "zimepitwa na wakati". Lina ukweli wake. CORBA iliondolewa ndani ya Java kuanzia toleo la 11, lililotoka Septemba 2018. Sisi tuliisoma baada ya hapo, na ilibidi tusakinishe Java 8 ili zoezi likubali. Vituko vya aina hiyo vinachekesha, ila naomba tusiishie hapo. Ukiitoa CORBA ukaweka teknolojia ya mwaka huu, na bado mazoezi yakafanyika ndani ya laptop moja isiyopoteza ujumbe hata mmoja, umebadilisha shati tu.

Tena wakongwe wenyewe walituonya. Mwaka 1994, watafiti wanne wa kampuni ya Sun Microsystems, Jim Waldo, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall, waliandika makala wakisema kuwa kitu kilicho kwenye mashine ya mbali hakiwezi kutendewa kama kilicho hapa, na kwamba juhudi za kuficha tofauti hiyo zitashindwa. Sababu kubwa waliyoitoa ni kuharibika nusu: kwenye mashine moja kwa kawaida kila kitu kinakufa pamoja, kwenye mashine nyingi kipande kimoja kinakufa na vingine vinaendelea bila taarifa. Mwaka huo huo, L Peter Deutsch, naye wa Sun, alikuwa ameorodhesha dhana potofu ambazo waandishi wa programu wanazo kuhusu mtandao. Ya kwanza kwenye orodha ni kuamini kwamba mtandao hauna hitilafu. Ya pili ni kuamini kwamba ujumbe haucheleweshwi.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Ann Wollrath ndiye baadaye aliyeongoza usanifu wa Java RMI. Ndiyo maana katika RMI kila kazi inayoitwa kwa mbali inalazimika kutangaza kwamba inaweza kushindwa, kwa kosa linaloitwa RemoteException. Java inagoma kabisa kukubali programu yako mpaka useme utafanya nini kosa hilo likitokea. Yaani onyo limechongwa ndani ya kifaa chenyewe. Sisi tulifundishwaje? Zungushia mabano, chapa ujumbe wa kosa kwenye skrini, endelea. Kwenye maelezo ya zoezi ilikuwa mistari miwili ya kunakili "ili Java isikusumbue". Tulifundishwa namna ya kuinyamazisha kengele ya moto.

Kosa langu

Baada ya kumaliza nilipata kazi ya muda: mfumo wa kupokea ada kwa simu kwa shule moja binafsi. Mzazi akilipa, upande wa malipo unatuma taarifa kwenye seva yetu, seva inaandika "fulani amelipa kiasi fulani" kisha inajibu "nimepokea". Niliujaribu kwenye laptop yangu. Ukafanya kazi bila tatizo.

Nisichokuwa nakijua ni kwamba mtuma taarifa asipopata "nimepokea" kwa muda aliopanga, anatuma tena. Na yuko sahihi kabisa, kwa sababu naye anaona kimya tu. Siku moja seva yetu ilielemewa. Ilikuwa inaandika malipo vizuri, ila jibu linachelewa. Taarifa zikaja mara ya pili, na programu yangu, kwa utiifu mkubwa, ikaziandika tena.

Mama mmoja anayeuza chapati alikuwa amelipa nusu ya ada. Mfumo ukamwambia amemaliza. Akashukuru Mungu, na hela aliyokuwa anaidunduliza kwa ajili ya nusu ya pili akanunulia bati. Wiki kadhaa baadaye mhasibu akalinganisha vitabu, tofauti ikaonekana, akaitwa aje alipe. Alikuja na simu yake mkononi, anaonyesha ujumbe uliotoka kwenye mfumo wangu. Hakuwa mkali. Aliuliza tu: "Sasa mwanangu, kama mashine ndiyo imesema, mimi ningejuaje?"

Sikuwa na jibu. Dawa ya kosa lile, nilipoitafuta, ilikuwa mistari michache: kila taarifa ya malipo inakuja na namba yake ya kumbukumbu, kabla ya kuandika, angalia kama namba hiyo umeshaiandika, kama ipo, jibu "nimepokea" na usiandike tena. Basi. Mihula mitatu, kozi tatu, na hakuna zoezi hata moja lililowahi kunidai nifanye hivyo.

Kwa nini huwezi kuondoa kimya

Mtu atasema: kwa nini tusitengeneze mtandao wa uhakika, tukaachana na shida hii? Kwa sababu haiwezekani, na hilo limethibitishwa kihesabu. Chukua watu wawili, mmoja yuko Kimara, mwingine Temeke. Wanataka kukutana Kariakoo saa nne, ila kila mmoja anatoka nyumbani iwapo tu ana hakika mwenzake naye anatoka. Wanatumia ujumbe wa simu, na ujumbe wowote unaweza kupotea. Wa Kimara anatuma "saa nne". Wa Temeke anajibu "sawa". Lakini wa Temeke hajui kama "sawa" yake imefika, kwa hiyo anahitaji jibu la jibu. Aliyetuma jibu la jibu naye hajui kama limefika. Endelea hivyo mpaka bando liishe, hakika haipatikani. Hoja hii ilichapishwa mwaka 1975, na Jim Gray akaipa jina la majenerali wawili mwaka 1978.

Kwa hiyo mhandisi anaacha kutafuta hakika, anabadilisha swali: nitapangaje mambo ili kurudia kusiwe na madhara? Na hapa ndipo ninaporudi kwenye ukuta wa nyumba yetu ya Mbagala.

Mwalimu aliye ukutani

Mita ya LUKU ya kawaida tuliyoizoea, yenye vitufe, haina laini ya simu wala intaneti. Haiwezi kuuliza makao makuu kitu chochote. Unampa tarakimu 20, nayo peke yake inaamua kukupa uniti au kukukatalia. Inawezaje?

Ndani ya zile tarakimu 20, kwa maandishi ya siri, kuna kiasi cha uniti na namba ya utambulisho wa tokeni. Siri hiyo imefungwa kwa ufunguo wa mita husika, ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwako. Mita inafungua, inasoma namba ya utambulisho, inailinganisha na kumbukumbu ya tokeni ilizokwisha kupokea. Ikiwa namba hiyo ilishatumika, inakataa. Unaweza kuingiza tokeni ile ile mara kumi kwa sababu hukuona vizuri gizani, au kwa sababu mtoto amecheza na vitufe. Uniti zinaingia mara moja tu. Kurudia hakuna madhara. Hicho ndicho hasa programu yangu ya ada ilishindwa kufanya, na mita ilikuwa inakifanya kila wiki mbele ya macho yangu tangu nikiwa sekondari.

Kuna somo la pili. Namba ile ya utambulisho ni hesabu ya dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na imetengewa biti 24. Biti 24 zinabeba namba 16,777,216. Gawanya kwa dakika 1,440 za siku moja, unapata siku 11,650 na kitu. Hesabu kutoka 1993, unatua tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo namba zinaanza upya kutoka sifuri, na mita ingeziona tokeni mpya kuwa ni za zamani. Mnakumbuka 2024, mtu ananunua umeme mara moja anapewa tokeni tatu, mbili za kuhuisha mita na ya tatu ndiyo ya umeme? Ndiyo hiyo. Mita za kiwango hicho duniani kote zilipaswa kuhuishwa kabla ya tarehe ile. Uamuzi wa ukubwa wa namba, uliofanywa na wahandisi miongo mitatu nyuma, uliwafikia bibi zetu vijijini wakiwa wameshika karatasi yenye tarakimu 60. Nitajie mfano bora zaidi wa kufundishia kijenzi ni nini, mkataba wake ni nini, na gharama ya kuubadilisha kikiwa tayari kimetawanyika kwenye mamilioni ya kuta. Kwenye kozi yetu ya vijenzi mfano ulikuwa kikokotoo cha kujumlisha namba mbili.

Mita inalinda hatua ya mwisho tu, ya kuingiza tokeni. Haimlindi mama wa chumba cha mbele asinunue mara mbili. Lakini dawa ya hatua hiyo ni ile ile: toa namba ya ankara kwanza, ndipo hela ifuate, ili malipo ya pili yenye namba ile ile yatambulike kuwa ni marudio. Ukilipa huduma za serikali kupitia GePG, ulioanza kutumika 2017, unapewa namba ya malipo kabla ya kulipa. Wengi tunaiona ni usumbufu wa kuchapa tarakimu. Ukiitazama kwa jicho la somo hili, unaona ina kazi.

Utetezi wa walimu

Nimewahi kuyasema haya kwa walimu, na majibu yao yana uzito. Darasa lina wanafunzi wengi kuliko kompyuta za maabara. Umeme ukikatika kipindi kimekwisha. Laptop moja kwa mwanafunzi mmoja ndiyo njia pekee ya kila mtu kugusa kazi. Na hii ni kozi ya utangulizi. Mambo ya hitilafu ni ya uzamili.

La vifaa nalikubali nusu. Huhitaji maabara. Wanafunzi wawili na simu moja ya kugawa intaneti wana mtandao halisi wa mashine mbili: mmoja seva, mwingine mteja, na wa tatu anazima simu katikati ya muamala. Hata ukibaki na laptop moja, Linux ina amri ya bure, tc ikitumia netem, inayochelewesha au kupoteza ujumbe kwa kiwango unachotaka, pamoja na ule wa 127.0.0.1. Mistari miwili, na sebule inakuwa Barabara ya Kilwa.

La utangulizi silikubali. Ukimfundisha mtu kwanza dunia isiyo na hitilafu, kisha umwambie hitilafu ni mada ya juu, ataingia kazini baada ya mwaka wa tatu, kama nilivyoingia mimi, na wa kulipa karo ya masomo yake ya uzamili atakuwa muuza chapati.

Ningekuwa na uwezo ningeanza na mtihani, maana tunasoma kinachotahiniwa. Mahali pa "taja faida tano za CORBA" ningeweka hivi: mwanafunzi analeta mfumo wake wa malipo, msimamizi anatuma ombi lile lile mara tatu, anakata mtandao kabla ya jibu la pili, kisha anasoma hifadhidata. Salio likiwa sahihi, umefaulu. Kwa kozi ya wavuti, ningekumbusha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Ukurasa ambao seva yake iko Dar, lakini unavuta fonti na maktaba za JavaScript kutoka Ulaya, unategemea mkongo wa baharini ili kumwonyesha mtu wa Tandika bei ya unga wa Tandika. Zoezi: kata intaneti ya nje, fungua ukurasa wako, eleza nini kimebaki.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtaala mpya upitishwe. Yanahitaji zoezi moja libadilishwe kwenye kila kozi.

Na yule mama bado amesimama kwenye korido na simu. Leo ningemwambia: "Mama, usilipe tena kwanza. Kimya hakimaanishi imeshindikana. Tusubiri kidogo, tuangalie salio, ndipo tuamue." Jibu dogo, halina uhakika ndani yake, na linaweza kutulaza giza usiku mmoja. Lakini ndilo jibu sahihi, na ningependa mwanafunzi wa mwaka wa tatu awe nalo kabla hajakabidhiwa hela za watu.